Tarehe tatu, mwezi mmoja

Mama mmoja wa kanisani kwetu, anayekaanga vitumbua karibu na kituo cha daladala, alinunua pakiti sita za mishumaa. Zilikuwa siku za mwisho za Julai 2025. Nilimkuta dukani anahesabu chenji, nikamtania kama kuna mkesha umepangwa bila mimi kujua, maana msomaji wa matangazo ya Jumapili ni mimi, na sikukumbuka kutangaza mkesha wowote. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

"Mwalimu, kwani wewe simu huna? Tarehe mbili dunia inaingia gizani."

Simu ninayo. Ujumbe huo ulishanifikia mara nne kabla ya hapo, mara ya mwisho ukiwa na picha ya jua jeusi na mstari wa nabii Yoeli chini yake. Ulisema tarehe 2 Agosti dunia yote itakuwa kiza kwa dakika 6, na jambo hilo halitatokea tena kwa miaka 100. Mwisho wakaandika NASA, lile shirika la anga la Marekani, kwa herufi kubwa, kama mhuri wa serikali.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Sisi ni watu wa Unguja. Desemba 2009 umeme unaotujia kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Krismasi ile tuliimba kwa taa ya karabai, watu walioa, walizaa, walizika, na mama huyu huyu alikaanga vitumbua vyake alfajiri kwa kibatari. Leo anatishwa na dakika sita?

Habari yenyewe ilikuwa na mfupa wa kweli ndani, na ndiyo maana ilitembea. Kupatwa kwa jua kunakosemwa kupo, ila ni tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli cha mwezi kitaanzia Atlantiki, kitapita kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Afrika mpaka Misri, kitavuka Bahari ya Shamu na kuipitia Makka, kisha kitashuka Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor kiza kamili kitazidi dakika 6. Huku kwetu jua litaumwa kipande tu, na kuku hawatapanda kulala. Mtu fulani, sijui wapi, aliacha siku na mwezi, akabadilisha mwaka, akaongeza maneno "dunia yote". Tarehe 2 Agosti 2025 ilikuwa Jumamosi. Nguo nilizoanika saa nne zilikuwa kavu saa sita.

Lakini sina haki ya kumcheka mtu. Nilipokuwa kijana nikifundisha watoto Jumapili, nilipewa karatasi iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Ilisema wataalamu wa NASA, wakipiga hesabu za njia za sayari kwa kompyuta, waligundua kuna siku moja imepotea katika historia, wakaja kuipata katika habari za Yoshua, siku jua liliposimama juu ya Gibeoni. Niliisoma mbele ya watoto kwa sauti ya ushindi. Kisa hicho ni cha uongo, kimezunguka tangu miaka ya sabini, na NASA wenyewe walishakikana, ila mimi sikuyajua hayo. Kilichoniangusha ni mtoto wa miaka tisa aliyenyoosha mkono.

"Mwalimu, kama hiyo siku haipo, walijuaje kuwa ilikuwepo?"

Nilimwambia akae chini. Sasa ni baba wa watoto wawili, na kila tukikutana Darajani huwa namkumbuka akiwa amenyoosha mkono, hata kama yeye keshasahau. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Ukitaka kujua siku imepotea lazima uwe na hesabu nyingine ya kuilinganisha nayo, na hakuna kompyuta inayoweza kutazama jua la leo ikakuambia kuwa juzi lilisimama. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kuwa imani inahitaji karatasi ya kughushi ili isimame.

Baadaye sana nilisoma habari za padri mmoja Mbelgiji, Georges Lemaître. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kuwa ulimwengu unatanuka, na 1931 akapendekeza kuwa vyote vilianzia katika kitu kimoja kidogo mno. Wengi leo wanaliita wazo hilo mlipuko mkubwa, wala hawajui kuwa mwenye kulitoa alivaa kanzu ya upadri. Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alipotoa hotuba iliyoelekea kusema sayansi hiyo inathibitisha uumbaji, ungetarajia Lemaître afurahi. Hakufurahi hata kidogo. Aliona hesabu zake ni hesabu, zinaweza kesho kurekebishwa, na Mungu si wa kutundikwa kwenye msumari ambao mtu mwingine anaweza kuung'oa. Nilipolisoma hilo niliikumbuka ile karatasi yangu, nikaona haya upya.

Tarehe ya pili ilinipa taabu zaidi, kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Mwishoni mwa Agosti jumbe zilianza tena: mwezi wa damu, tarehe 7 Septemba, kanisa lijiandae. Nikatafuta, nikakuta ndivyo hasa. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi utapatwa wote, na Afrika Mashariki tutauona tangu mwanzo mpaka mwisho. Sasa unamkanushaje mtu aliyetaja siku sahihi? Nikaona njia nzuri ni kumtangulia. Nilimwomba padri ruhusa, na Jumapili ile asubuhi, baada ya matangazo ya ndoa na ya usafi wa makaburi, nikasoma: saa 1:27 usiku mwezi utaanza kulika, saa 2:30 utakuwa umefunikwa wote, saa 3:11 itakuwa katikati, saa 3:52 utaanza kutoka, na saa 4:56 yatakuwa yamekwisha.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Na ukichelewa je, kama boti?"

Kanisa zima likacheka. Nikamjibu kuwa hauchelewi. Halafu nikafika mwisho wa tangazo nikakwama. Kila tangazo ninalosoma humalizika kwa maneno "Mungu akipenda". Kikao cha wazee Jumamosi, Mungu akipenda. Harambee ya paa, Mungu akipenda. Na mara nyingi kikao hakifanyiki na paa bado linavuja. Hili la mwezi limeshapigiwa hesabu miaka mingi nyuma, dakika kwa dakika, na watu ambao wengine hawamwamini Mungu kabisa. Nalo nilimalizeje? Nilisema Mungu akipenda, kwa mazoea, nikakaa. Lakini mahubiri ya siku ile sikuyasikia. Nilikuwa nayatafuna maneno yangu mwenyewe.

Naishi Mbweni. Ndipo wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliponunua shamba mwaka 1871 wakawaweka watu waliotolewa utumwani, na babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Kanisa letu la Mtakatifu Yohana ni la 1882, lipo katikati ya miti, na ukitembea kidogo unafika pwani. Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu aliyekuwa nahodha, na mtaa mzima humwita hivyo, Nahodha. Ameendesha majahazi tangu ujana, Pemba, Tanga, Lamu, mpaka magoti yalipokataa.

Jioni ile mwezi ulitoka mzima, mkubwa, nyuma ya minazi. Nilikwenda pwani na wanangu na nusu ya watoto wa mtaa. Kwetu bahari iko magharibi na mwezi unatokea mashariki, kwa hiyo tuliipa bahari mgongo, jambo ambalo watoto wa Mbweni hawalizoei; kila mara mmoja aligeuka kuhakikisha maji hayajamfuata. Hayakuwa na nia hiyo. Ilikuwa bamvua, na maji yalikuwa yanatoka kwa haraka, mchanga unabaki unang'aa, na mbali kwenye mwamba kulikuwa na tochi mbili tatu za watu wanaotafuta kaa.

Saa 1:27 sikuona kitu. Nikaanza kuona joto shingoni, maana nimetangaza kanisani. Dakika kadhaa baadaye binti yangu mdogo akasema, "Baba, umeng'atwa." Ukingo wa chini wa mwezi ulikuwa na doa, kama bati lililoshikwa na kidole chenye masizi. Doa likapanda. Tizama umbo la kile kivuli siku nyingine ukipata nafasi: ukingo wake ni wa mviringo, siku zote, popote mwezi ulipo angani. Wayunani wa kale walitumia jambo hilo hilo kusema dunia ni duara, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na bado ninazo video katika simu yangu za watu wenye Biblia mkononi wakiapa kuwa ni bapa kama sinia.

Saa mbili na nusu mwanga wa mwisho ukafungwa, na mwezi haukutoweka. Uligeuka rangi. Wenzetu huita damu. Mimi niliona karafuu, ile ya siku ya pili kwenye mkeka, ambayo haijawa nyeusi lakini uwekundu wake umeshazama ndani. Nyota ambazo mbalamwezi ilikuwa imezificha zikajitokeza zote kwa mkupuo, watoto wakanyamaza, na mbwa mmoja upande wa shamba akaanza kubweka bila kukoma.

Sababu ya rangi ile naijua, huifundisha skuli. Dunia inapokaa katikati ya jua na mwezi, inazuia mwanga wa moja kwa moja, lakini hewa inayoizunguka dunia hupindisha mwanga kidogo na kuupitisha pembeni. Ukipita katika hewa nyingi hivyo, rangi ya buluu hutawanyika njiani na nyekundu ndiyo inayofika, kama inavyokuwa jua likizama. Kama ungesimama mwezini wakati ule, ungeiona dunia kama sahani nyeusi yenye pete nyekundu ukingoni, na pete hiyo ni machweo yote na mapambazuko yote ya saa ile kwa pamoja. Saa 3:11 ya kwetu ilikuwa machweo kule Accra na mapambazuko kule Fiji. Mwanga wa huko na huko ndio uliokuwa juu ya uso wa mwezi, juu ya minazi ya Mbweni. Naijua sababu hiyo kwa miaka ishirini, nimeiandika ubaoni kwa chaki za rangi, na usiku ule bado koo lilinikauka.

Saa tatu kasoro Nahodha akaja na fimbo yake, ametoka msikitini. Walikuwa wameswali swala ya kupatwa, ndefu, na magoti yalikuwa yanamlipiza.

"Masalkheri, mwalimu."

"Masalkheri, Nahodha. Karibu."

Mjukuu wake, anayekwenda dagaa usiku, alikuwa kajilaza juu ya ngalawa. Mbalamwezi ni likizo kwao, dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwaka. Mmoja wetu akamtania kuwa sasa kiza kimekuja, akatie mashine. "Kiza cha dakika themanini na mbili?" akajibu bila kufungua macho. "Hata mafuta hayatakuwa yamerudi."

Nilimwambia Nahodha habari za mishumaa na za jumbe. Hakucheka. Alisema kwao pia zipo, vijana wanatumiana. Kisha akanisimulia jambo ambalo bila shaka Waislamu wanaonisoma walilisikia chuoni wakiwa wadogo, ila mimi nililisikia usiku ule mara ya kwanza kwa ukamilifu. Mtume wao alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba wa mtoto wa Mtume. Baba mwenye huzuni, na watu wako tayari kuamini mbingu zinalia naye. Angeweza kunyamaza tu. Akawaambia jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wa mtu. Mkiona hayo, salini.

"Na nyie?" akaniuliza. "Maana nyie lenu lilifanya kiza Nabii Issa alipo... hapo kwenye lenu."

Alikuwa anachagua maneno kwa adabu, tunajua tunapotofautiana. Nikamwambia ndiyo, Injili inasema kulikuwa na kiza tangu saa sita mpaka saa tisa. (Hapa Mswahili ana bahati. Saa za Injili zinahesabiwa tangu kucha kama zetu, kwa hiyo saa sita ni saa sita, jua la utosi. Mzungu lazima aandikiwe maelezo chini ya ukurasa.) Nikaongeza kuwa ilikuwa siku za Pasaka ya Wayahudi.

"Pasaka yao si mwezi mpevu?"

"Mpevu. Kumi na nne ya mwezi."

"Basi jua halikupatwa," akasema Nahodha, kama anayesahihisha bei ya samaki. "Jua hupatwa mwezi ukifa. Kumi na nne haiwezekani."

Ni kweli, mwezi mpevu huwa upande wa pili wa dunia, hauwezi kulifunika jua. Katika karne ya tatu Mkristo mmoja msomi, Julius Africanus, alitoa hoja hiyo hiyo dhidi ya waliotaka kulieleza kiza cha Ijumaa Kuu kwa kupatwa kwa jua. Mimi niliikuta kitabuni nikiwa mtu mzima, na nilijivuna nayo miezi. Nahodha aliitoa kichwani kwa nusu dakika, kwa ajili ya kitabu kisicho chake, kwa sababu ametazama juu maisha yake yote.

Hilo ndilo lililonichoma. Sisi Wakristo tuna deni kubwa kwa mwezi. Pasaka yetu ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, na jambo la kuwa na Pasaka moja lilijadiliwa katika Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, miaka 1700 kamili kabla ya mwaka ule wa mishumaa. Kanisa la Aleksandria, hapa hapa Afrika, ndilo lililosifika kwa wapiga hesabu wa mwezi, na kila mwaka askofu wake alituma barua kutangaza Pasaka itakuwa lini. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache tu, mtaa mzima ukawa na njaa pamoja. Lakini tazama tofauti. Wao huutafuta mwezi kwa macho, wanapanda juu ya mapaa, wanabishana (sitii mguu katika mabishano hayo) kama umeonekana huku au kule. Sisi tumeshaupiga hesabu zamani, umo katika kalenda ya ukutani, na ukweli ni kwamba sijawahi kutoka nje kuutazama mwezi wa Pasaka. Tumeuhesabu mpaka tukaacha kuutazama. Si ajabu ukigeuka rangi tunakimbilia mishumaa.

Tarehe ya tatu ilikuja wiki mbili baadaye, nayo sitaipa maneno mengi. Mhubiri mmoja wa Afrika Kusini alisema ameambiwa kuwa kanisa litanyakuliwa tarehe 23 au 24 Septemba. Video ikaenea dunia nzima. Kuna kijana kwetu aliacha kupeleka pesa ya kikoba wiki hiyo, akisema hazina maana tena. Tarehe 25 alikuja na faini. Ukiziweka tarehe zote tatu pamoja, ya kiza, ya mwezi na ya unyakuo, ni moja tu iliyotimia, na ni ile iliyoletwa na watu wa darubini na kalamu. Waliosema kwa jina la Bwana walikosa mara zote mbili. Mimi kama Mkristo siwezi kulipita hilo nikijifanya sikuliona.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alililia jambo hili miaka 1600 iliyopita, na akataja kupatwa kwa jua na mwezi kwa jina. Akasema asiyeamini anaweza kujua vizuri mwendo wa nyota na majira ya kupatwa, na ni aibu kubwa akimsikia Mkristo anapayuka juu ya hayo akidai ndivyo Maandiko yasemavyo. Akitukuta tumekosea katika analolijua, atatuaminije katika habari za ufufuo? Alijua anachosema. Katika ujana wake alifuata dini ya Wamani, wafuasi wa mtu aitwaye Mani, na moja ya mambo yaliyomtoa huko ni kwamba mafundisho yao juu ya kupatwa hayakulingana na hesabu za wataalamu wa nyota.

Na ule mstari wa Yoeli wenyewe, jua kuwa giza na mwezi kuwa damu? Mama wa vitumbua aliniuliza, na hakuuliza kwa utani. Nilimfungulia Matendo ya Mitume sura ya pili. Siku ya Pentekoste, Petro anaunukuu mstari huo na kusema hili mnaloliona leo ndilo alilolinena nabii. Leo, yaani siku ile, Yerusalemu. Wapo wasomi wawili wa Oxford, Humphreys na Waddington, walioandika mwaka 1983 kuwa mwezi ulipatwa kwa sehemu jioni ya tarehe 3 Aprili mwaka 33, wakidhani huenda ndiyo jioni ya kusulubiwa. Inavutia, ila sitaitundika imani yangu hapo, Lemaître kanifunza. Kinachonishika ni sentensi inayofuata katika kinywa cha Petro: kila atakayeliitia jina la Bwana ataokolewa. Yeye alilitumia andiko hilo kufungua mlango. Sisi tunalitumia kuuza mishumaa.

"Kwa hiyo ule mwezi haukuwa dalili?" akaniuliza.

Neno hilo. Mwanzo sura ya kwanza, Biblia yetu inasema mianga iliwekwa iwe dalili na majira na siku na miaka. Mtaani dalili ni neno la hospitali: homa ni dalili, macho ya manjano ni dalili. Kama tunatafuta dalili za namna hiyo zipo, ila hazitumwi kwenye makundi. Aprili 2024 wataalamu walitangaza kuwa matumbawe yamo katika tukio la nne la kupauka dunia nzima, kwa joto la bahari. Kina mama wa Paje na Jambiani wameuona mwani wa kotonii, ule wenye bei, ukifa kwenye kamba miaka na miaka maji ya kina kifupi yakipata moto. Hakuna aliyenitumia hiyo ikiwa na mstari wa Yoeli chini yake, labda kwa sababu ukiitazama sana utaanza kuuliza nani kafanya nini.

Na yale maneno yangu ya tangazo? Nimeyarudia mara nyingi. Baada ya gharika Nuhu anaahidiwa kuwa majira hayatakoma, na wafasiri wa Biblia yetu, Mungu awalipe, waliandika humo kaskazi na kusi. Pepo zetu hizi hizi, zilizomleta na kumpeleka Nahodha. Nilikuwa nadhani "Mungu akipenda" ni maneno ya mambo yasiyo na uhakika, ya vikao na mapaa. Sasa nadhani yanautosha zaidi mwezi kuliko kikao. Anayepiga hesabu ya kupatwa anasoma kupenda ambako hakubadiliki usiku kwa usiku, awe anamjua mwenye kupenda au hamjui. Padri wangu anasema hapo nimechanganya mambo mawili ya elimu ya Mungu. Huenda.

Mama alitumia mishumaa pakiti mbili umeme ulipokatika Oktoba. Nyingine kazileta kanisani kwa ajili ya Krismasi, na baadhi ilikuwa imepinda kwa joto la Desemba.

Juzi nilimpelekea Nahodha habari kuwa mwezi kupatwa wote na sisi kuuona hapa, mara nyingine ni tarehe 31 Desemba 2028. Itakuwa Jumapili, usiku wetu wa mkesha wa mwaka mpya. Utachomoza umeshaanza kulika, na saa 1:16 utafunikwa wote. Alikuwa kibarazani anaparua nazi. Aliniuliza kama nina hakika ya siku, nikasema ninayo. Akanyamaza kidogo, mkono unaendelea.

"Basi maji yatakuwa yanatoka," akasema. Hakutazama kalenda wala bahari. "Kama siku ile. Saa nne na nusu yatakuwa yamekupwa mpaka mwambani. Waje na viatu watoto, kuna miba."

Akapuliza chicha kwenye vidole.

"Inshallah," akaongeza.

"Mungu akipenda, Nahodha."